Nani Ameshika Funguo za Tarakilishi Yako?

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi ya kuandika programu ikibana haiachi mtu hata dakika ya kupumua. Leo nimerudi na kisa kidogo, na kisa hicho kitatupeleka nyuma hadi mwaka 1981. Kwa hivyo kama una chai karibu, ivute.

Jumamosi moja mpwa wangu alinijia na laptopu ya mtumba, zile zinazoingia hapa kwetu baada ya kampuni za ng'ambo kuzichoka. Alikuwa ameweka Linux kando ya Windows, bila matatizo yoyote. Kisha akaweka draiva ya Wi-Fi. Katikati ya shughuli programu ikamwambia abuni neno la siri, naye akaandika la kwanza lililomjia bila kusoma maelezo. Alipoizima na kuiwasha tena, skrini ya bluu ikatokea ikihesabu kutoka kumi kwenda chini. Akaogopa kugusa kitu. Sekunde kumi zikaisha, mashine ikawaka kama kawaida, lakini Wi-Fi hakuna.

"Mjomba, hii kitu ilikuwa inataka nini?"

Nilimwambia ilikuwa inauliza swali moja tu: je, wewe mwenye mashine unauamini ufunguo huu? Hakujibu, nayo ikachukua kimya chake kuwa "hapana". Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani wa somo ambalo hakulisoma. Ndipo nikaona kwamba skrini ile ndogo ina historia ndefu, ya kampuni kubwa, wezi werevu na watu waliogombana kwa barua pepe usiku kucha, na kwamba watu wengi hubonyeza "sawa" bila kujua wanakubali nini. Basi leo tuizungumze.

Enzi za mlango wazi

Kompyuta ya IBM PC ilitoka mwaka 1981 ikiwa na programu ndogo ndani ya chipu, BIOS. Ukiiwasha, BIOS huamka kwanza, hukagua kumbukumbu na kibodi, halafu husoma sekta ya kwanza ya diski. Sekta hiyo ni baiti 512 tu. BIOS huziweka katika kumbukumbu na kuzikabidhi mashine nzima. Haziulizi zimetoka wapi wala zimeandikwa na nani. Aliyefika pale kwanza ndiye mwenye nyumba.

Haikuchukua muda watu kuiona nafasi hiyo. Mwaka 1986 ndugu wawili waliokuwa na duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistani, waliandika Brain, virusi vinavyohesabiwa kuwa vya kwanza vya IBM PC kuenea duniani. Brain vilikaa pale pale, kwenye sekta ya kwanza ya disketi. Kwa kuwa viliamka kabla ya mfumo endeshi, vingeweza kuudanganya. Mfumo ukiomba kuisoma sekta ile, virusi viliuonyesha nakala safi iliyofichwa mahali pengine.

Hilo ndilo tatizo lote kwa ufupi. Anayeamka kwanza anaweza kuwadanganya wote wanaoamka baada yake. Unaweza kuweka programu kali ya kupambana na virusi, lakini kama adui aliamka kabla yake, programu hiyo inaona kile tu adui anachotaka ione.

Dawa yake ilielezwa mapema. Mwaka 1997 William Arbaugh, David Farber na Jonathan Smith, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichapisha muundo walioupa jina AEGIS. Wazo lilikuwa jepesi kueleza: kila hatua ya kuwaka ikague saini ya kidijitali ya hatua inayofuata kabla ya kuikabidhi mashine. Ya kwanza ikague ya pili, ya pili ikague ya tatu, mnyororo mzima, hadi mfumo endeshi.

Kwa wale wasiojua saini ya kidijitali, nieleze upesi. Mtu ana funguo mbili zinazoendana, mmoja wa siri na mwingine wa wazi. Ule wa siri hutia saini, ule wa wazi huthibitisha kwamba saini ni yake na kwamba faili halijaguswa tangu litiwe saini. Ufunguo wa wazi unaweza kumpa mtu yeyote. Wa siri ukiibiwa, mwizi anaweza kutia saini kwa jina lako na hakuna mashine itakayojua tofauti.

Hesabu zake zilikuwa zimekamilika tayari mwaka 1997. Swali ambalo hesabu haziwezi kulijibu ni hili: ule ufunguo wa kwanza kabisa, ambao mashine inauamini bila kuuliza, ni wa nani?

Ploti na landilodi wake

Kwa miaka mingi hakuna aliyelazimika kulijibu. Kisha mwaka 2010 kukatokea TDL4, programu hasidi iliyoambukiza Windows za biti 64. Windows hizo zilidai saini kwenye draiva zote, lakini TDL4 ilijiweka kwenye sekta ya kwanza ya diski, ikaamka mapema na kulizima sharti hilo kabla Windows haijafumbua macho. Mbinu ya Brain, miaka 24 baadaye.

Wakati huo BIOS ilikuwa inaachia nafasi mrithi wake, UEFI, famuwea mpya iliyotokana na kazi ya Intel na ambayo tangu 2005 ilisimamiwa na jukwaa la kampuni nyingi. Famuwea, kwa asiyejua, ni ile programu iliyohifadhiwa ndani ya chipu za ubao mama. Mwaka 2011 toleo 2.3.1 la kanuni za UEFI likaleta uwashaji salama, ile inayoandikwa Secure Boot kwenye menyu ya mashine yako. Ndani yake kulikuwa na ngazi za funguo, nazo nitazieleza kwa mfano wa ploti ya kupanga hapa Nairobi.

Ploti ina landilodi. Huyo ni PK, ufunguo mkuu wa mashine, na huwa ni mmoja tu. Chini yake kuna msimamizi wa ploti, au wasimamizi kadhaa, nao wanaitwa KEK. Landilodi pekee ndiye anayeandika na kufuta wasimamizi. Msimamizi naye ana daftari mbili. Ya kwanza, db, ina orodha ya wanaoruhusiwa kuingia getini. Ya pili, dbx, ina orodha ya waliopigwa marufuku, na hiyo ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Jina lako likiwa katika daftari zote mbili, huingii.

Kimaandishi, landilodi wa mashine yako ulipaswa kuwa wewe uliyeinunua. Kanuni za UEFI zinaruhusu kabisa: unaifuta PK, mashine inaingia katika hali ya kuandaliwa, unaweka ya kwako. Lakini mashine inapotoka kiwandani PK huwa ni ya mtengenezaji, na katika kompyuta nyingi sana KEK huwa na ufunguo wa Microsoft, pamoja na vyeti vyake viwili ndani ya db: kimoja cha Windows yenyewe, kingine cha programu za watu wengine ambazo Microsoft imezikubali. Vyote vilitolewa mwaka 2011. Kumbuka mwaka huo, tutaurudia.

Kelele za 2011

Septemba 2011 Matthew Garrett, mwandishi wa programu aliyekuwa Red Hat wakati huo, aliandika kwamba Microsoft itazitaka kompyuta zote zenye nembo ya Windows 8 ziuzwe uwashaji salama ukiwa umewashwa. Akauliza swali ambalo kila mtumiaji wa Linux aliliwaza: kama db ina funguo za Windows peke yake, Linux itawaka vipi? Wakfu wa programu huria wa Richard Stallman, FSF, ukaanzisha kampeni, ukisema usalama huu unaweza kugeuka kuwa gereza.

Desemba 2011 masharti ya Microsoft yalipotoka yalikuwa na sura mbili. Kwa kompyuta za kawaida za aina ya x86, mtengenezaji alilazimika kumpa mwenye mashine uwezo wa kuzima uwashaji salama na wa kuweka funguo zake mwenyewe. Kwa mashine za ARM ilikuwa kinyume: marufuku kuuzima. Kwa hivyo tabuleti za Windows RT zilizotoka 2012 zilifungwa kabisa. Na mwaka 2015, Windows 10 ilipokaribia, lile sharti la kuruhusu kuzima kwenye x86 likaachwa liwe hiari ya mtengenezaji. Haki iliyotokana na sharti la kibiashara inaweza kuondoka kwa sharti jingine la kibiashara.

Watu wa Linux walikuwa na njia tatu, na Garrett alizieleza wazi Mei 2012. Ya kwanza, Red Hat itengeneze ufunguo wake na kuwaomba watengenezaji wote wa kompyuta wauweke. Hiyo ingeifaa Red Hat yenyewe, lakini distro ndogo zisizo na jina zingebaki nje ya geti. Ya pili, kuwe na ufunguo mmoja wa Linux yote, wenye chombo cha kuutunza. Gharama na kazi yake ilikuwa kubwa mno na hakuna aliyejitokeza kuibeba. Ya tatu, kwenda kwa Microsoft, kulipa dola 99 mara moja tu (na pesa zenyewe zilikwenda Verisign), na kupata saini inayokubalika karibu katika kila kompyuta duniani.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Fedora ikachukua njia ya tatu. Watu walikasirika sana, na hadi leo kuna wasioisamehe.

Lakini angalia walivyoifanya. Hawakupeleka Linux nzima ikatiwe saini. Waliandika programu ndogo sana na kuiita shim, jina la kile kipande chembamba ambacho fundi hukisukuma chini ya mguu wa meza inayocheza. Microsoft hutia saini shim. Ndani ya shim mna cheti cha distro, nayo shim hukitumia kukagua kianzishi, yaani GRUB, halafu kerneli. Kwa hiyo distro ikibadilisha kerneli kila wiki hairudi kupiga magoti kwa mtu.

Agosti 2012 SUSE wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote katika historia hii. Walisema: kwa nini shim iamini funguo za Microsoft na za distro, lakini isiamini za mwenye mashine? Wakabuni MOK, ufunguo wa mwenye mashine. Unautengeneza mwenyewe, unaomba uandikishwe, halafu mashine inapowaka upya, kabla mfumo endeshi haujaamka, inakuuliza kwenye skrini kama ni wewe kweli. Ni lazima uwe umekaa mbele ya kibodi na ulijue lile neno la siri ulilolibuni. Programu hasidi iliyo mbali kwenye mtandao haina vidole vya kubonyeza.

Ndiyo, wasomaji, hiyo ndiyo skrini ya bluu ya mpwa wangu. Si hitilafu wala ukorofi. Ilipiganiwa na watu waliotaka mwenye mashine naye aulizwe.

Ugomvi wa Februari 2013

Mlango wa nje ulikuwa umepata kufuli. Sasa ikabaki milango ya ndani. Kerneli ya Linux hupokea moduli, yaani vipande kama draiva, wakati inaendelea kukimbia. Ukimruhusu mtu apakie moduli isiyo na saini, kazi yote ya getini imekuwa bure, manake moduli ina mamlaka sawa na kerneli yenyewe. Ndiyo maana Linux 3.7, ya Desemba 2012, ilipata uwezo wa kukagua saini za moduli. Kerneli ikijengwa bila kupewa ufunguo, hujitengenezea wake, hutia saini moduli zake zote na kubaki na ule wa wazi ndani yake. Distro kama Fedora huutupa ule wa siri baada ya ujenzi, usije ukaibiwa.

Safi. Lakini je, draiva iliyotoka nje, ambayo haikujengwa pamoja na kerneli? Microsoft ilitia saini faili za aina moja tu, zile zinazoweza kuwashwa na UEFI. Haikutia saini vyeti vya watu. Basi Februari 2013 David Howells wa Red Hat akapeleka msimbo wa kufanya hivi: cheti kifichwe ndani ya faili la aina hiyo, faili litiwe saini na Microsoft, kisha kerneli ilifungue na kukitoa cheti ndani.

Linus Torvalds alikataa, na alikataa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yangu husoma ukurasa huu. Hoja zake zilikuwa nzito kuliko matusi yake. Kerneli tayari inajua kusoma vyeti vya kawaida, alisema, kwa hivyo hakuna sababu ya kuifundisha kusoma faili za Windows. Kama Red Hat inamwamini mtengenezaji fulani wa draiva, Red Hat itie saini yake. Na zaidi ya hapo, alitaka mambo yaanze kwa mtumiaji: kila mashine iwe na ufunguo wake, na mwenyewe atoe ruhusa, badala ya kuleta uamuzi wa Microsoft hadi ndani ya kerneli.

Garrett na wenzake nao walikuwa na hoja. Saini ya Microsoft ilikuwa na kivuli cha dbx nyuma yake. Kama Linux iliyotiwa saini ingeweza kutumiwa na wezi kuivamia Windows, shim ingeweza kupigwa marufuku siku moja, na maelfu ya mashine zigome kuwaka.

Ugomvi huo ulichukua karibu miaka kumi kutulia, na ukitazama kerneli ya leo utaona alama zake. Funguo zimetengwa katika vicha mbalimbali. Kuna kicha cha funguo zilizojengwa ndani ya kerneli. Kuna kinachoitwa .platform, kilichoingia Linux 5.0 mwaka 2019, chenye funguo zilizotoka katika famuwea, na hizo hazitumiki kupitisha moduli. Maana yake: ndiyo, ulikuwa na haki ya kuiwasha mashine hii, lakini haki hiyo haikupi ruhusa ya kuingia jikoni. Mwaka huo huo Linux 5.4 ikapata hali ya kujifungia, ambayo humzuia hata msimamizi mkuu asiibadilishe kerneli inayokimbia. Na Mei 2022, Linux 5.18 ikaleta kicha cha .machine, kazi ya Eric Snowberg wa Oracle, ambapo funguo za MOK, zile za mwenye mashine, zinaweza kuaminiwa na kerneli kwa idhini yake. Distro kadhaa zilikuwa zimebeba viraka vyao vya kufanya hivyo miaka mingi kabla, lakini sasa jambo likawa rasmi.

Huenda Torvalds hakupata kila alichokitaka. Lakini wazo kwamba ufunguo wa mwenye mashine una uzito wake, tofauti na ule wa kiwanda, lilishinda.

Kuamini ni rahisi, kuacha kuamini ndiyo kazi

Mpaka hapa ungedhani hadithi imeisha. Kufuli zipo, funguo zipo, kila mtu ana yake. Kumbe shida kubwa ilikuwa inangoja katika ile daftari ya pili, dbx.

Julai 2020 kampuni ya usalama ya Eclypsium ilitangaza dosari katika GRUB iliyopewa jina BootHole. Kwa kuharibu faili moja la mipangilio, mtu angeweza kuitawala GRUB iliyotiwa saini halali. Kuziba dosari haikuwa taabu. Taabu ilikuwa GRUB za zamani, zile zenye dosari, ambazo saini zake bado zilikuwa nzuri. Maji yakimwagika hayazoleki, na saini ikishatolewa imetolewa. Njia pekee ilikuwa kuziandika zote katika dbx, moja moja, kwa heshi zake, yaani alama ya kidole ya kila faili. Viliingizwa vyeti 3 na heshi 150, vikala kilobaiti 10. Na nafasi ya dbx katika mashine nyingi ni kilobaiti 32 tu. Kosa moja, theluthi ya daftari imejaa!

Ndipo watu wa shim wakabuni SBAT, iliyoanza kutumika 2021. Badala ya kuorodhesha kila faili baya, kila programu hubeba namba ya kizazi. Dosari ikipatikana, kizazi kinapanda, na unaandika mstari mmoja tu: GRUB yoyote ya chini ya kizazi hiki, isiingie.

Lakini hata mstari mmoja unauma. Agosti 2024 Microsoft ilisambaza sasisho la Windows lililopandisha kizazi cha SBAT. Lilikusudiwa liziruke mashine zenye Linux pembeni, lakini halikuzitambua zote, na watu wengi wakaamka kukuta Linux yao inakataliwa getini kwa kuvunja kanuni za usalama.

Na usipofuta, je? Januari 2022 Microsoft iliziba dosari katika kianzishi cha Windows, lakini haikuvipiga marufuku vianzishi vya zamani, kwa sababu kufanya hivyo kungeua diski za kusakinishia na za kuokolea mashine ambazo watu wamezihifadhi kabatini. Machi 2023 watafiti wa ESET wakaeleza kuhusu BlackLotus, programu hasidi iliyouzwa kwa dola 5,000 kwenye masoko ya siri. Ilikuja na kianzishi chake cha zamani, chenye saini halali ya Microsoft, ikapita getini hata kwenye Windows 11 iliyosasishwa. Baada ya kuingia ilifanya nini? Iliandikisha MOK yake! Iliruka ile skrini ya bluu kwa kuiandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya famuwea, kisha ikaitumia shim halali kujiwasha kila siku. Mlango uliochongwa kwa ajili ya mwenye nyumba ukatumiwa na mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Halafu Julai 2024 ikaja habari ya kuchekesha na kuliza. Kampuni ya Binarly iligundua kwamba zaidi ya modeli 200 za kompyuta, za watengenezaji kadhaa wenye majina makubwa, ziliuzwa zikiwa na PK ya majaribio kutoka kwa AMI, waandishi wa famuwea. Cheti chenyewe kimeandikwa juu yake kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwamba kisiaminiwe. Watengenezaji walitakiwa kukibadilisha kabla ya kuuza. Hawakukibadilisha. Na ufunguo wa siri wa mojawapo ulikuwa umevuja kwenye GitHub, ukilindwa kwa neno la siri la herufi nne. Yaani landilodi wa ploti 200 alikuwa mtu mmoja, na ufunguo wake ulikuwa umeanikwa barabarani. Wakaliipa jina PKfail.

Turudi kwa laptopu ya mtumba

Nilikwambia ukumbuke mwaka 2011. Vyeti vya Microsoft vya mwaka huo vilipewa maisha ya miaka 15: cha KEK na kile cha programu za watu wengine hadi Juni 2026, cha Windows hadi Oktoba 2026. Usiogope, kwa kawaida famuwea haiangalii tarehe ya cheti inapowasha, kwa hivyo mashine haizimiki siku hiyo kama stima. Kinachokoma ni uwezo wa kutia saini vitu vipya kwa ufunguo wa zamani, zikiwemo orodha mpya za dbx. Ndiyo maana vyeti vipya vya 2023 vilitengenezwa.

Sasa rudi kwenye ploti. Nani anaruhusiwa kumwandika msimamizi mpya? Landilodi peke yake. KEK mpya ni lazima isainiwe kwa PK ya mtengenezaji wa mashine. Kwa mashine mpya, mtengenezaji yupo na anafanya hivyo. Kwa mashine ya miaka kumi, ambayo mtengenezaji aliacha kuihudumia zamani na ambayo imevuka bahari kuja kumaliza maisha yake katika chumba cha mwanafunzi huku kwetu, nani atatia saini? Tena nyingi huja na neno la siri la famuwea lililowekwa na kampuni iliyokuwa nayo, kwa hiyo hata ukitaka kuwa landilodi, geti la ofisi limefungwa na mwenye ufunguo hajui kama upo.

Kwa hivyo ushauri wangu ukienda kununua mtumba: kabla hujalipa, ingia kwenye menyu ya famuwea. Ikidai neno la siri asilolijua muuzaji, iache. Ikifunguka, angalia kama inakuruhusu kubadilisha funguo. Na ukiamua kuweka PK yako mwenyewe, usivifute vyeti vya Microsoft kwa hasira. Kadi nyingi za michoro hubeba programu iliyotiwa saini kwa cheti hicho, na ukikiondoa unaweza kubaki na skrini nyeusi.

Nikamrudishia mpwa wangu laptopu. Tukaomba upya kuandikisha ufunguo, safari hii akaliandika neno la siri kwenye karatasi. Mashine ikawaka, skrini ya bluu ikaja, ikaanza kuhesabu kutoka kumi. Nikamwachia kibodi. Alisoma mstari kwa mstari, akachagua "Enroll MOK", akakitazama cheti kwa muda, kisha akaniuliza, "Mjomba, huyu ni mimi?"

Nikamwambia, ni wewe. Akakubali. Wi-Fi ikashika.

Kama nawe umewahi kuiona skrini hiyo, niandikie kwenye maoni ulifanya nini. Na kama uliipita tu, hakuna aibu, wengi tuliipita. Tuonane tena karibuni, stima ikiruhusu.